Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Ajenda ya nne: je, shule zetu za umma
ziwape watoto hiari ya kusomea nyumbani, kwa skrini?
Nimeiandika, nikaipigia mstari.
Kazi yangu ni kalamu. Kura sina.

Februari, kaskazini kabisa mwa Michigan,
theluji imepanda hadi nusu ya dirisha la bwalo.
Tumekalia viti vya darasa la pili,
magoti ya watu wazima yanakaribia videvu.
Kila msemaji dakika tatu. Saa ya jikoni
yenye umbo la kuku ndiyo hakimu.

Orvo Taskila, dereva wa basi namba saba,
alivua kofia akaikunja kama barua.
"Mtoto wa nyumba ya mwisho namchukua
saa kumi na moja na robo, gizani.
Namrudisha gizani.
Kila siku anatazama kisogo changu
kuliko anavyotazama ubao.
Mpeni hiyo skrini,
hata kama basi langu litaota kutu."
Kuku akalia.
Nikaandika: Bw. Taskila anaunga mkono.

Verna Cadotte, mpishi, hakuvua aproni.
"Jumatatu wanakula kama waliofunga tangu Ijumaa,
kwa sababu wamefunga tangu Ijumaa.
Yuko mmoja, simtaji,
huficha mkate ndani ya soksi.
Mwenye shibe hamjui mwenye njaa,
na skrini haina pua.
Nani atamwona?"
Dakika moja na nusu ilibaki. Hakuitaka.
Nikaandika: Bi. Cadotte anapinga.

Kisha mama mmoja akaweka kompyuta mezani,
na humo kitandani, mito mitatu mgongoni,
Linnea, miaka kumi na miwili, mwenye mapafu
yasiyopatana na baridi.
"Mimi nina—" akasema, akaganda,
mdomo wazi, jicho moja limefumba.
Tulisubiri. Mtu alikohoa. Kuku akalia.
Mwenyekiti akatazama karatasi zake: muda umekwisha.
Ndipo mzee Gundry, aliyekuja kupinga,
aliyekuwa na hotuba nzima mfukoni,
akasema bila kusimama: "Mpeni zangu."

Mtandao ukarudi.
"Sipendi kubaki nyumbani," alisema Linnea.
"Nataka tu, nikibaki, nisifutwe.
Jina langu likiitwa, mtu aseme yupo."

Sikujua niandike nini.
Mwanangu alisoma hivyo mwaka shule zilipofungwa:
shati limepigwa pasi juu, pajama chini.
Siku moja nikakuta ameibandikia kamera picha yake,
yeye yuko ziwani, anavua samaki kwenye tundu la barafu.
Na ni mwaka huohuo alipoanza kusoma kwa sauti,
maana hapakuwa na wa kumcheka kigugumizi.
Mtoto yuleyule. Mwaka uleule.
Nimweke safu ipi?

Kura zikaja tatu kwa tatu.
Ya saba ilikuwa ya Bw. Hollenbeck,
ambaye barabara yake imefunikwa na theluji,
kwa hiyo alipiga kwa simu, kutoka jikoni kwake,
tukisikia birika lake likichemka:
"Napinga! Mtu lazima afike mwenyewe!"
Bwalo zima likacheka, na yeye, kwa mbali,
akauliza, "Kuna nini? Mbona mnacheka?"
Hakuna aliyemjibu.
Kisha kwa aibu yake, au kwa uungwana,
akaomba jambo liahirishwe hadi Machi.

Tukapanga viti. Verna alifunga mikate iliyosalia
kwenye karatasi, akampa Orvo
bila neno, na Orvo hakuuliza ni ya nani.
Mama yule bado alikuwa akitafuta soketi,
chaji imefika asilimia nne,
na binti yake ndani akitutazama tunavyofagia.

Kikao kilifungwa saa tatu na dakika kumi usiku.
Waliohudhuria: thelathini na wanane.
Nikakata.
Thelathini na tisa.