Mengineyo

Fomu ilikuwa na visanduku sita:
uchongaji, uchoraji, ufinyanzi,
ususi, ushairi, ngoma.
Mimi ndiye niliyeichapa. Karatasi ilikuwa inaisha,
nikabana neno chini kabisa: mengineyo.

Akaja Swalehe Nampembe na laptopu
iliyoshikiliwa na selotepu.
"Nimeleta gemu," akasema.
Bwana Mtipa akacheka mpaka miwani ikamteleza.
Gemu! Watoto wa Newala wanamaliza ada kibandani,
mia mbili, mia mbili,
nawe unatuletea hapa ukumbini,
mbele ya kinyago kilichokula miezi minane?

(Kinyago chenyewe, niseme kweli, kilikuwa cha saba
cha namna ile ile. Watalii wanakipenda.)

Kijana hakubishana. Akafungua.

Mwanamke, ndoo kichwani,
anashuka Shimo la Mungu alfajiri.
Hakuna adui, hakuna bunduki, hakuna pointi.
Akishachota, ukimpeleka mbio maji yanamwagika;
ukimpeleka polepole, jua linayanywa.
Juu, nyumbani, mtungi unangoja.
Haujai.

"Sasa mtu anashindaje?"
"Hashindi, mzee. Anafika."

Ndipo Somoe Likwawa, jaji wa ufinyanzi,
akavuta kiti. Kompyuta hajawahi kuigusa.
Akaonyeshwa vitufe vinne.
Akashuka. Akachota. Akaanza kupanda,
na tukaona shingo yake inanyooka,
mkono wa kushoto unapanda wenyewe
kushika ukingo wa ndoo isiyokuwapo.

Feni tu ndiyo iliyosema.

"Kabla ya kona ya pili," akasema bila kugeuka,
"kuna jiwe. Mama alikuwa anatua hapo.
Hukuliweka."
"Sikulijua, mama."
"Liweke."

Mtipa akakohoa: "Lakini huo ni mchezo tu.
Unachezwa."
"Na ngoma je?" akajibu Somoe, macho kwenye kioo.
"Ngoma mnaifanyaje, Mtipa? Mnaipika?"

Zawadi ilikwenda kwa kinyago.
Kilibebwa na watu wawili, kikapigwa picha.
Swalehe alikunja waya wake taratibu,
mara tatu, kama mtu anayehesabu.

Mimi nilibaki na fomu.
Nikatia vema kwenye kile kisanduku kilichobanwa,
na pembeni, ambapo hapakuwa na mstari,
nikaandika kwa kalamu:
jiwe, kabla ya kona ya pili.