Mshelisheli wa Nyuma ya Jiko

Mwaka wa kwanza ulidondosha tawi
juu ya banda la kuku la Bi Mize.
Kuku wawili. Nikalipa, tukacheka,
tukasema ni kusi tu, kusi hana adabu.

Mwaka wa pili, masika yalipokwisha,
niliona udongo umevimba upande wa kisima
kama shuka mtu anapojigeuza ndani yake.
Na uyoga mweupe umejipanga shinani
kama sahani za harusi zilizosahauliwa.

Nikamwita fundi Shaame, wa Limbani.
Akavua kandambili, akauzunguka,
akaugonga kwa mgongo wa panga:
huku ko, huku ko,
huku bu.
"Umesikia?"
Nilisikia. Nikajifanya naondoa majani kwenye khanga.
"Umeinamia paa," akasema. "Chini ya paa kuna nani?"

Kuna Yumna, miaka sita,
hulala mdomo wazi.

Laki na ishirini, kamba mbali,
na kibali cha misitu, kupitia kwa sheha.
Sheha akauliza: unazaa bado?
Unazaa.
Sasa mti unaozaa unaukatia nini?
Hilo ndilo, sheha. Mti mkavu hauna kesi.
Huu unanilisha kwa mkono mmoja,
na kwa mkono wa pili umeshika jiwe
juu ya kichwa cha mwanangu.

Kaka Mbarouk akatuma sauti kutoka Maskati,
dakika nne nzima. Baba aliupanda.
Mwaka ule wa shida tulikula nini?
Shelisheli la nazi, shelisheli la kuchoma,
shelisheli tupu na chumvi.
Kweli tupu. Niliyemenya ni mimi,
utomvu wake haujatoka kwenye kile kisu mpaka leo.
Mkono usioweza kuukata, akamalizia, ubusu.
Na Shaame naye ana yake: usipoziba ufa.
Methali wanazo wote.
Lakini Mbarouk analala ghorofa ya tano,
upepo wa huku anausikia kwenye simu.

Nikasema baada ya Idi.
Nikasema baada ya karafuu, pesa zikiingia.
Zikaingia, zikatoka.
Usiku nahesabu kati ya mlio na mlio,
kama anavyohesabu mtu uchungu wa kuzaa.

Mpaka siku moja, nikifagia chumba,
nikaona alama za miguu ya kitanda cha Yumna sakafuni:
dirishani. Katikati. Mlangoni.
Mara tatu nimekihamisha
na sikumbuki hata moja.
Nikakaa chini na ufagio wangu.
Kumbe mti nilikwisha kuukata zamani,
ni panga tu lililochelewa.

Jumamosi wakaanza juu, tawi kwa tawi, kwa kamba.
Shina lilipolala, nikaenda kutazama.
Nusu yake unatia mkono mpaka kiwiko,
unatoka na kitu kama machicha ya kahawa.
Nusu ya pili nyeupe, ngumu, inatiririka maziwa.
"Ungeanguka?"
Shaame akafuta msumeno.
"Labda kesho. Labda miaka kumi."
Akahesabu pesa zake, akahesabu tena.

Mbarouk akataka picha.
Nilimtumia ile nusu iliyooza.

Jiko sasa lina jua hadi alasiri,
napika natokwa jasho, nakosa wa kumlaumu.
Na juzi Bi Mize ameniita uani kwake:
mzizi ulipita chini ya ua bila kuomba ruhusa,
umetoa chipukizi kando ya banda jipya la kuku,
majani mawili, makubwa kuliko mwili wake.
"Nalo hili?" akauliza, jembe mkononi.
Nikapima kwa macho hatua za kufika paa lake.
"Bado," nikasema.