Ufa wa Kileleshwa

Saa nane za usiku, Kileleshwa,
ghorofa ya pili chini ya ardhi,
pampu imekohoa, ikanyamaza,
nami Wekhomo, mwenye funguo za stima na za shimo,
nikasikia kile ambacho pampu hukificha:
maji yakiingia kwa ukutani, taratibu,
kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Mkandarasi alikwisha kuyaziba mara tatu.
Saruji ya mwezi wa tatu ilishika wiki mbili,
ya mwezi wa sita, siku nne.
Ya mwisho ilishika kweli, tukachinja mbuzi,
na kesho yake jirani akaja, suruali kaikunja magotini,
kuuliza ni nani aliyempelekea mto.

Ndipo wakamleta Mutheu, mtu wa miamba,
na nyundo yake ndogo na kinywa kisicho na haraka.
Alililamba jiwe. Naapa, alililamba.
Akasema: Pwani, nilikosomea mapango,
jiwe ni chokaa, mifupa ya matumbawe,
na mvua ina uchachu kidogo, kama maziwa ya jana.
Hulimumunya kama mtoto na peremende
hata jiwe liwe tundu, tundu liwe ukumbi,
na kijito kizame shambani kwa mtu
kiibukie kwa mwingine.
Huku sivyo. Jiwe la huku halitafuniki.
Lilitoka motoni, likapoa, likapasuka,
likamwagikiwa majivu, likaja jingine juu yake.
Kati ya moto na moto ilipita miaka
ya nyasi, ya matope, ya udongo mwekundu;
moto wa pili ukauoka udongo ule
ukawa tofali.

Akachora kwa chaki kwenye nguzo:
mvua ya Limuru inashuka nyufani,
inaligonga tofali, haipenyi,
inatambaa gizani kuelekea huku
ikitafuta bonde liikatie mlango.
"Mlango mmeukata nyinyi," akasema,
"kwa katapila."

Mchoro ungalipo. Unyevu umeula nusu.

Ghorofa ya tano, Bi Kerubo hununua maji kwa mtungi.
Lori hupiga honi Jumanne na Ijumaa,
nami huku chini nayasukuma mtaroni usiku kucha,
kwa stima ya kulipia,
maji yaliyotembea miaka arobaini, labda zaidi.
Mutheu hakutaka kuapa.
Mimi nina thelathini na tisa.
Huenda tone hili lilianguka
kabla mama hajanibeba.

Nimewasha tochi. Ufa haupiti upana wa sarafu.
Nimeweka kiganja: baridi,
ile baridi Wamaasai waliyoipa jina,
nasi jina lile tukalijengea ghorofa kumi na mbili.

Nina dakika ishirini, pengine,
kabla hayajafika magurudumu ya gari la kwanza.
Nimekalia ndoo iliyopinduliwa.
Nitaiwasha pampu, nitaiwasha.
Ngoja yavue na kiatu cha pili.