Nati Namba Nane

Kabla ya kusaga nahesabu:
bolti nne miguuni, mbili kooni,
skrubu ya mpini,
na ile nati yenye masikio inayobana sahani.
Nahesabu kama mwalimu wa chekechea
anayevusha watoto Outer Ring,
kichwa kwa kichwa, kisha tena kuanzia nyuma.

Leo kuna aliyebaki ng'ambo.

Kooni bolti moja imesimama bila nati yake.
Nimepepeta kimea cha wimbi mara tatu.
Nimepitisha sumaku ya spika mbovu juu ya ungo:
ikaja na pini ya ofisi,
uzi wa waya wa kusugulia sufuria,
na msumari ambao sijui ni wa nani.
Wewe hukuja.

Kinu changu hakikatai kazi, kinalegea tu.
Huanza kijiko kutetema ndani ya kikombe.
Kufika debe la pili koo limekaa upande,
meno ya sahani hayaonani,
na punje zinatoka nzima,
zinaniangalia.
Punje isiyopasuka haitoi utamu.
Busaa yake ni maji yenye kumbukumbu.

Nikakitia kwenye kiondo hadi Kariobangi, kwa Gakuo,
kati ya wachomeleaji na wakata mabati.
Hakushika spana. Aliweka sikio,
akazungusha mpini nusu, akarudisha nusu.
"Nani alikwambia ukifunge drili?"
"Nilitaka kuwahi."
"Haya, umewahi."

Akanipa washa za springi, shilingi kumi kila moja.
Akasema kinachotetemeka hujifungua chenyewe,
na anayekaza kwa hasira hukata nyuzi za bolti,
hapo atanunua bolti na hasira atabaki nayo.
"Halafu tafuta rangi ya kucha."
"Ya kucha?"
"Ile ya wasichana. Tone moja kwenye nyuzi,
kaza, acha ikauke mpaka kesho.
Utaweza kungoja mpaka kesho?"

Mmbone, binti yangu, alinipa chupa ya zamani kuliko zote,
zambarau, nusu yake imeganda.
"Usiimalize, Baba."
Stima ilikuwa imepotea tangu saa moja;
nikafanya kazi kwa tochi ya simu niliyoing'ata,
mate yakinitiririka kama mtoto anayeota meno.
Nati mpya, washa, tone. Nati, washa, tone.
Asubuhi kinu kilikuwa na kucha sita zambarau
kama kimealikwa harusini kikaogopa kuchelewa.

Nafasi ya sahani naipima kwa kadi ya kukwaruza
niliyoiweka tangu enzi zile:
ipite, lakini ipite kwa shida,
kama mdeni mlangoni pa duka.
Kisha mkono. Mkono mtupu.
Debe moja, saa moja na nusu, na bega linalonitukana.
Jirani wa chini, aliyezoea kugonga dari kwa ufagio,
alipanda kuuliza kama tumehama.

Desemba, Bi Syombua alishuka kutoka paani.
Kuku wake ndio hula machicha yangu.
Alikuwa amechinja jogoo, yule mwenye kilemba kilichoraruka,
na mkono aliunyoosha umefumbwa.

"Hii ni yako?"

Ndani ya firigisi, katikati ya vijiwe, ulikuwepo.
Unang'aa kuliko siku nilipokununua.
Pembe zako sita zilikuwa zinakwisha,
namba nane ikakuzunguka bila kukushika,
teleze, teleze.
Miezi minne ndani ya kinu kisicho na bolti hata moja,
kisicho na drili wala mpini,
kinachosaga chochote kilichomezwa,
hata chuma.

Nimekuweka dirishani. Nikihesabu nakuhesabu pia,
ingawa huna kazi.

Nilimuuliza Bi Syombua nyama ilikuwaje.
"Ngumu," akasema.
"Lakini tulikuwa na muda."