Niambie Ilikokwama

Hii ni ya tatu wiki hii. Chande dalali kaileta mwenyewe hadi Chumbageni,
imeoshwa, matairi yamepakwa mafuta yakang'aa kama viatu vya bwana harusi.
"Mama, hii haijaona pori. Ya mtu mzima, ya kuendea sokoni."
Landkruza mkonga, ya mwaka themanini na saba, ya sokoni!
Nilicheka hadi miwani ikaniteleza.

Mkobani nina sumaku. Niliing'oa kwenye spika ya redio ya marehemu,
nikaivika kipande cha kanga isikwaruze rangi ya watu.
Mlangoni, inanasa.
Kwenye boneti, inanasa.
Juu ya gurudumu la nyuma ikaanguka, pu, mchangani.
Hapo hakuna bati, Chande. Hapo pana puti na dua.

Fundi Bakiza kalala chini na bisibisi yake,
anagonga chasisi kama daktari agongaye kifua:
ngo, ngo, ngo, ngo,
fu.
Kimya.
"Chumvi," akasema kutoka uvunguni. "Tanga hii, chuma hakizeeki, kinaliwa."
Kisha, baada ya kitambo: "Lakini inachomeleka."

Tulifungua kifuniko cha oili, injini ikapumua,
si sana, pumzi ya mtu aliyepanda ngazi.
Moshi ulitoka wa buluu, ukaona haya, ukawa mweupe.
Saa ya kilomita imesimama kwenye laki tatu na kitu,
nani ajuaye tangu lini.

Ndipo mwenye gari akatoka ndani, Bwana Semhando,
mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kuangalia gari la jirani.
Chande akaanza tena habari za soko.
Nikamwambia: Wewe ngoja.
Nikamgeukia mwenyewe: Bwana, ilikofika sikuulizi.
Niambie ilikokwama.

Akanitazama. Akaitazama gari.
"Kwediboma," akasema, "masika, siku mbili.
Tulitandika magunia ya mahindi chini ya tairi, mahindi yakaota kabla hatujatoka.
Mto Umba. Maji yalipita juu ya boneti, mkonga ukabaki nje unakoroma,
mke wangu juu ya keria kakumbatia kuku wa kuazima.
Songe difu ilikatika. Siku kumi na moja.
Nikajua majina ya mbuzi wao wote."
Chande alikuwa ameshika kichwa.
"Na mchanga wa Kigombe pia," akaongeza, sauti imeshuka,
"lakini pale nilikuwa kijana na nilikuwa najionyesha."

Mimi nilipima ardhi miaka thelathini na mmoja.
Nyuma ya Kwediboma kuna mawe ya mpaka niliyoyazika kwa mkono huu,
zege, nondo katikati, namba juu.
Nataka kujua kama yangali yamesimama
au watu wameyahamisha usiku, hatua moja moja.
Wanangu wanasema, Mama pumzika.
Nimepumzika. Miaka miwili,
hadi goti limeanza kulia kama bawaba.

Bei alitaja kumi na nne. Nikakata moja ya chasisi, akakubali.
Nikakata nusu ya puti, akakubali.
Halafu nikamrudishia laki mbili,
za Umba.
Chande akasema hajawahi kuona biashara ya kijinga kama hii,
akahesabu chake mara mbili.

Betri ikagoma.
Wakasukuma: Bakiza, Chande kwa shingo upande,
na Bwana Semhando, koti amevua, kifua kwenye mlango wa nyuma,
anaisukuma iondoke kwake.
Ikashika mbele ya duka la vipuri, kwa kikohozi.
Kwenye kioo cha pembeni nikamwona katikati ya barabara,
viganja bado viko mbele,
kama mtu anayeonyesha wengine ukubwa wa kitu.

Bakiza akadandia, akafunga mlango mara ya tatu ndipo ukafungika.
"Mama," akasema, "breki."
Zipo?
"Zipo," akasema. "Kidogo."