Wastani wa Kidato cha Tatu Buluu

Nne nukta moja mbili, nimeandika ubaoni,
chaki ikavunjika.
Mwaka jana ilikuwa nne nukta tatu.
Mwalimu mkuu anataka maelezo kufikia Ijumaa,
ukurasa mmoja tu.

Fomu ina visanduku: jinsia, umri, mtaa,
kazi ya mzazi.
Hapo Mwongeli ameandika "kibarua", akafuta,
kisha akaandika tena kwa herufi ndogo zaidi.
Dekow ana miaka ishirini na mmoja;
visanduku vya umri vinaishia kumi na tisa,
basi amejichorea chake pembeni, kwa rula.
Nyaboke hakosei hesabu,
ila Jumatatu haonekani: ndiyo siku
mifereji ya Mukuru hufunguliwa,
na mitungi ya kwao ni sita.

Sitini na wanane, madawati arobaini.
Najumlisha. Nagawanya.
Jibu linatoka safi,
halina kikohozi, halidaiwi karo,

na asubuhi nikiita majina
hakuna anayeitika
"Nne Nukta Moja Mbili".

Ukurasa mmoja, alisema.
Nimeanza na mitungi.
Niko mstari wa tisa
na bado sijafika shuleni.