Zamu

Hadithi yenyewe ni ukurasa mmoja na robo:
watu wawili, mfereji mmoja, koleo moja.
Miaka tisa nimeifundisha hapa, chini ya milima ya Batken,
bila kuitazama machoni.

Ubaoni niliandika, chaki ikinikatikia:
mfereji, zamu, shutuma, kinyongo, suluhu.
Juu yake, kwa herufi kubwa: MGOGORO.
Nikasema nisemavyo kila mwaka,
mgogoro si kelele, wanangu.
Tafuteni nani anataka nini
na nini kimekaa njiani.
Kisha vitenzi: gombana, shutumiana, pigana.
Hiyo *na* ya mwishoni haikai peke yake,
ni benchi la watu wawili.
Patana nayo hukalia benchi hilohilo.

Jiko la makaa likakohoa.
Nje, theluji ya Machi ilikuwa inageuka tope
chini ya miaprikoti.
Ndipo Bakai, kutoka mstari wa nyuma, akauliza:
"Mwalimu, zamu maana yake nini?"

Hakuna aliyecheka.
Mtoto wa kijiji hiki hulijua neno hilo
kabla hajajua jina la babu yake.
Alitaka tu litamkwe,
mbele ya Kanyshai aliyekuwa akichonga penseli
iliyokwisha kuchongoka.

Nikakumbuka, nimechelewa.
Juni iliyopita, usiku wa maji ya kina Kanyshai,
maji yalikutwa alfajiri shambani kwa kina Bakai,
yametuama, yanang'aa, hayana shahidi.
Baba wa huyu akamwita baba wa yule mwizi.
Koleo likainuliwa. Mkono wa baba Bakai ukavunjika.
Tangu hapo nyumba mbili, ukuta mmoja, salamu hakuna.
Nami hao, na hadithi yangu,
kama mchuuzi wa viberiti penye nyasi kavu.

Nikajibu kikamusi:
zamu ni wakati wa mtu mmoja
ndani ya wakati wa wote.
Kengele ikaniokoa.
Sentensi moja kwa kila neno, nikasema. Mzazi atie saini.

Usiku nikasahihisha.
Bakai: "Kinyongo ni kijiwe ndani ya buti na safari bado ndefu."
Nikampa tisa. Hati yake mbaya.
Daftari la Kanyshai, mwandiko wa kubana:
"Zamu yetu ilikuwa saa nane usiku. Tulilala."

Kalamu nyekundu ikabaki hewani.
Maji hayagongi mlango kumwamsha mtu,
huteremka kwenye mteremko.
Tahajia: sahihi. Sarufi: sahihi.
Nikaweka vyema, nikaandika pembeni:
saini ya mzazi haipo.

Siku tatu daftari halikurudi.
Siku tatu Kanyshai alitazama meza yake,
nami sikumuuliza. Ualimu una woga wake.

Siku ya nne lilikuwa mezani kwangu kabla ya kengele.
Saini ilikuwa nzito, imetoboa karatasi.
Na juu ya sentensi ile, kwa penseli, mkono wa mtu mzima
ulikuwa umekata silabi moja na kuweka nyingine:
*Nililala.*

Amesahihisha nafsi.
Miaka yote nafundisha nafsi, umoja na wingi,
na somo sikuwa nimelielewa.

Mbele ya neno suluhu hapakuwa na sentensi,
ya mtoto wala ya baba,
ila alama ya kidole gumba,
ya tope,
bado mbichi.